Mvua ya Shangazi Ng'washi

Bugarika, Mwanza
Jumatatu, 22 Septemba 1997

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Kabla hujaendelea, nakuomba ufunge mlango. Barua hii isisomwe na mtu mwingine, isisomwe kwa sauti, na neno lolote utakalolikuta humu lisivuke kizingiti chako. Ukimaliza kuisoma itie mekoni, chini ya chungu, uwashe moto. Hata Teodora asijue. Ninajua ni jirani yako na mnaazimana hadi chumvi, lakini hata yeye asijue. Mayala anayebeba mizigo pale kivukoni Kamanga, ndiye aliyekuletea, hajui kilichomo. Nimemwambia ni habari za harusi.

Shangazi, usilime bondeni mwaka huu.

Utashangaa, kwa sababu ni mimi niliyewaambia mshuke bondeni. Ule mkutano wa Julai pale shuleni, mtaalamu wa mradi wetu alisema kwa Kiingereza, nami nikawageuzia kwa Kisukuma: kwamba baada ya njaa ya mwaka jana, mradi umepanga vijiji vyote vya upande huo vilime chini kwenye unyevu, na kwamba tutaziba mdomo wa bonde kwa tuta ili maji yabaki kama lambo hata jua likiwaka. Ulikaa mstari wa mbele ukawaambia wenzako, "Huyo nimemlea mimi." Shimba wa kikundi cha kulima alisimama akasema, kama anayesema ni mtoto wa nyumbani, basi mjadala umekwisha.

Sasa zimekuja taarifa kwamba mvua za mwaka huu zitakuwa kubwa kuliko tulivyozoea. Mtaalamu alipoziona alitandaza ramani ya Bugolola mezani akafuata mstari wa tuta kwa kidole. Lile tuta halina njia ya kutolea maji. Ilikuwa ichimbwe upande wa mashariki. Aliacha jiwe kubwa amelipaka chokaa kuonyesha mahali. Haikuchimbwa. Mvua ikizidi, maji hayatapita. Yatarudi nyuma mashambani, na baada ya mashamba, kwenye nyumba za chini.

Mtaalamu amemaliza mkataba wake, amekwenda kwao. Mkuu wa mradi akatuita, akafunga mlango. Alisema wafadhili wanakuja Desemba kuwaona wakulima wakiwa bondeni, na wasipowaona mradi umekufa. Njia ya maji itachimbwa mwakani. Utabiri ni utabiri tu, alisema. Kisha akatukumbusha kwamba majina ya watakaopunguzwa kazi yanaandaliwa. Hakumtazama mtu, lakini aliyeajiriwa mwisho pale ni mimi.

Unajua hali ilivyo huku. Niliosoma nao kidato cha sita wanakata minofu ya sangara kiwandani, na wanashukuru. Ninaogopa, Shangazi. Sina ujasiri wa kumwambia kila mtu. Ninao wa kukwambia wewe.

Lima juu, kwenye itongo la babu, pale palipokuwa na boma lake kabla hamjahamishiwa kijijini. Choma barua.

Mwanao,
Getruda


Bugolola
1 Oktoba 1997

Getruda mwanangu,

Marahaba. Barua nimeichoma. Ugali wa siku hiyo umepikwa kwa siri yako na haukuwa na ladha tofauti.

Sasa nisikilize. Mji umekusahaulisha jinsi tunavyolima. Shamba silimi peke yangu. Kikundi kinapita kwa zamu. Ngoma ikilia alfajiri mlangoni kwa mtu, siku hiyo majembe yote ni yake, yeye kazi yake kupika. Zamu yangu inafuata baada ya Teodora. Mashamba ya bondeni yamekwisha kugawiwa, langu liko katikati, kulia Teodora, kushoto mama yake Shimba. Nikimwambia Shimba apandishe majembe kwenye mawe ya itongo, ataniuliza kwa nini. Nimjibu nini? Mdomo ninao, lakini ni wa kutukana, si wa kudanganya.

Jambo la pili. Teodora akipanda huko chini, mimi nimtazame tu? Asubuhi ananiambia "Umeamkaje jirani," mimi namjibu nini? Wewe uliyesoma niambie salamu hiyo inaitikiwaje.

Jambo la tatu. Kama ni mtaro tu, si uwaambie wauchimbe? Shimba na watu wake wanamaliza shamba zima kabla jua halijawa kali. Mtaro ni kitu gani kwao? Au jiwe la chokaa haligusiki mpaka mzungu arudi?

Sikulaumu. Nauliza.

Nimekutumia michembe ya viazi vitamu kwa mkono wa Mayala. Usiwape wenzako wa ofisini, wataila kama biskuti.

Shangazi yako,
Ng'washi


Bugarika, Mwanza
6 Oktoba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Ahsante kwa michembe.

Kuhusu mtaro: nimefikiri sana. Wakianza kuchimba pale kwenye jiwe, mkuu ataulizwa nani aliwaonyesha. Kwenye ofisi nzima anayetoka Bugolola ni mmoja. Siku hiyo hiyo nimekwisha. Na nikifukuzwa mimi, nani atamlipia mdogo wangu shule, nani atakununulia dawa za miguu? Naomba usinifikirie vibaya. Labda mvua yenyewe haitakuja. Redioni wameanza kuitaja kwa jina lake la kigeni na watu huku mjini wanalifanyia mzaha.

Kuhusu kikundi, nimepata njia. Waambie umeota. Sema babu amekujia usingizini akasema itongo lake limekaa bure miaka mingi, anataka lilimwe mwaka huu, na lilimwe na wewe. Kila mtu anajua babu alivyokuwa akifuatwa na watu wa mbali kuomba mvua. Hakuna atakayebisha neno la babu. Hata Shimba, pamoja na ubishi wake, hatabisha. Hutakuwa umemdhuru mtu. Ni ndoto tu.

Kuhusu Teodora, kila nikianza kuandika jibu, nakata.

Getruda


Bugolola
3 Novemba 1997

Mwanangu,

Nimefanya ulivyosema. Nimemwota baba yangu mchana kweupe, macho yangu wazi, mbele ya kikundi kizima.

Shimba alinitazama akasema, "Mzee huyo alikuwa mkali akiwa hai, sitaki kumjaribu akiwa amekufa." Wakapanda itongoni na ngoma. Walilima, lakini walinicheka siku nzima. Wakatunga wimbo wao pale pale wa kwamba Ng'washi anapanda kokoto atavuna changarawe. Teodora ndiye aliyekuwa akiitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka akashindwa kuinua jembe kwa kicheko. Nami nikacheka. Nikawapa ugali na mlenda, wakala, wakashukuru.

Aliponisaidia kuosha vyungu aliniuliza, "Ng'washi, tangu lini wewe unaota?" Nikamwambia uzee.

Mvua zimeanza vizuri. Wote wanafurahi.

Shangazi yako


Bugarika, Mwanza
15 Desemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Niandikie haraka, hata mistari miwili.

Huku mvua haikati. Chumba changu kiko juu mlimani kwenye mawe, lakini usiku nasikia maji yakishuka kati ya nyumba kama lori linalomwaga mchanga. Kila yanapopita nafikiria tuta. Nilijikaza nikaenda kwa mkuu, nikamwuliza kama tunaweza kutuma watu Bugolola wakafungue njia ya maji. Akaniuliza, "Wewe umekuwa injinia lini?" Nikarudi mezani kwangu nikaendelea kupiga chapa.

Na sasa lililo baya zaidi. Wafadhili hawaji. Barabara zimekatika, wameahirisha, wala hawakutaja siku nyingine. Nilisoma taarifa hiyo mara kadhaa nikidhani nimekosea. Kila kitu tulichokificha tulikificha kwa ajili ya ugeni wao. Nilifikiri mkuu atatuita tena afungue midomo yetu. Hakutuita. Aliuliza kama chai iko tayari.

Niambie bonde likoje. Niambie Teodora yukoje.

Getruda


Bugolola
12 Januari 1998

Getruda,

Marahaba. Tuko wazima.

Bonde limejaa. Mahali walipopanda wenzangu panaonekana vichwa vya miti tu, na bata wa porini. Itongo limekubali, mahindi yamenipita kimo, meusi kwa ubichi. Ile mbolea ya ng'ombe wa baba bado iko ardhini. Nimempelekea Teodora mahindi mabichi. Alipokea.

Nyumba za chini zimelowa. Mama yake Shimba hatunaye tena, ukuta ulimwangukia. Tumemzika juu, karibu na kanisa, kwa sababu makaburi ya zamani yana maji.

Kikundi hakijapita kwangu kupalilia. Wana mambo mengi mwaka huu. Napalilia mwenyewe taratibu. Macho yananisumbua kidogo, ni moshi wa kuni mbichi. Usiku nalala stoo ya kanisa, katekista alinipa nafasi, maana paa langu linavuja.

Usije sasa hivi. Njia ni mbaya. Fanya kazi yako.

Shangazi yako


Bugarika, Mwanza
19 Januari 1998

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nililia kwa furaha na kwa mengine. Umepona. Barua yako nimeiweka chini ya mto.

Nampa Shimba pole. Nilianza kumwandikia barua ya rambirambi nikashindwa, kwa kuwa kila sentensi iliyoanza na "tumesikitika kusikia" ilinitazama. Bibi yule alikuwa akinipa karanga nikipita kwenda shule.

Usijali kuhusu kikundi. Nadhani wana wivu kidogo kwa kuwa walikucheka na sasa unavuna. Watarudi wakiona njaa. Nakutumia kipande cha bati kwa ajili ya paa, dawa ya macho na kitenge. Mayala ameahidi kwamba bati halitapinda.

Habari nyingine: majina ya waliopunguzwa yamebandikwa ukutani. Mimi simo. Wenzangu waliokuwa na watoto wamo. Nilisimama pale nimefunga mikono, nikamshukuru Mungu, kisha nikaona aibu kwamba nimemshukuru.

Labda tumefanya sawa, Shangazi? Labda ndivyo watu wote wanavyofanya, kila mmoja anaokoa wake?

Getruda


Bugolola
16 Februari 1998

Kwa Getruda Mashimba,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Teodora, jirani. Hujawahi kupata barua yangu na hii ni ya kwanza, hivyo ujue si ya salamu.

Shangazi yako hakuambii. Nilimwuliza, "Umemwandikia mtoto?" akasema, "Nimemwandikia kila kitu." Nilijua anadanganya kwa sababu alinitazama usoni, na yeye akisema kweli huwa anatazama kazi aliyoishika.

Paa lake halivuji. Analala stoo ya kanisa kwa sababu siku moja asubuhi alikuta panga limechomekwa mlangoni kwake, mpini juu. Hapa kwetu kila mtu anajua maana yake: aondoke au auawe. Bati ulilotuma liko nje limeegemezwa, hakuna kijana aliyekubali kupanda kulipigilia.

Nitakueleza yanavyosemwa. Yanasemwa kwamba Ng'washi alipewa mvua na baba yake. Yanasemwa kwamba aliposhuka yule mzee ndotoni hakuja kuomba itongo lilimwe, alikuja kumkabidhi kazi. Wanauliza, alijuaje? Sisi wote tulishuka, yeye peke yake akapanda. Sisi wote tumezama, yeye peke yake mahindi yake meusi. Na jirani wa shamba lake, mama yake Shimba, amekufa. Sasa wanayatazama macho yake, maana wanasema macho mekundu ni ya mchawi. Mimi namwambia aache kupikia kuni mbichi, ananijibu kwamba hata akipikia hewa yatabaki mekundu, ni uzee.

Shimba si mtu mbaya. Lakini amemzika mama yake na maksai wake wawili wamezama wakiwa wamefungwa nira, na anataka ajue ni nani. Wameitisha mkutano Jumamosi tarehe 28 shuleni. Watakuja na sungusungu wa vijiji vya jirani. Wakisema ahame, nitamshukuru Mungu. Siogopi neno "ahame". Naogopa kwamba kuna vijana wasiotaka kungoja Jumamosi.

Nami nikueleze la kwangu. Nilipoteza shamba lote na nusu ya nyumba. Aliponiletea mahindi mabichi, niliyaweka chini nikayaangalia mpaka jioni. Watoto wakaniuliza, "Mama, tule?" Sikuwa najua kama tule. Usiku ule na mimi niliamini wanavyoamini wengine. Nimekwisha kuungama kwa padre, lakini wewe pia nakwambia.

Kilichonitoa huko ni kitu kidogo. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta tangu tuhamishwe. Ng'washi haoti. Akilala ni gogo, tulimwibia kuku mezani siku ya Krismasi akiwa amesinzia kwenye kiti. Kwa hiyo ile ndoto aliambiwa aiseme. Na aliyemwambia ni mtu anayempenda, maana kwa mtu mwingine asingekubali kuchekwa siku nzima.

Siku chache kabla ya kulima, Mayala alimletea barua. Akafunga mlango mchana. Moshi ukatoka.

Sikuulizi uliandika nini. Nakuuliza kama unaweza kulala.

Teodora


Bugolola
18 Februari 1998

Getruda,

Teodora amekuandikia. Nimemwona akimpa Mayala bahasha, na yeye hana mtu mwingine wa kumwandikia Mwanza. Usimsikilize. Alikuwa mwoga tangu ujana, akiona mjusi anaita watu.

Uliniomba nisiseme, sijasema. Mkutano huo nitakwenda, nitawaambia ni ndoto, basi. Mimi ni mzee, nikiambiwa nihame nitahamia Sengerema kwa binamu. Wewe una miaka mingi mbele na kazi yenye kiti. Nilikubeba mgongoni baba yako alipofariki, sikukubeba ili urudi kushika jembe.

Usije. Hili si ombi.

Wabeja kwa dawa ya macho. Imenisaidia.

Shangazi yako,
Ng'washi


Bugarika, Mwanza
Jumatano, 25 Februari 1998

Kwa Mama Teodora, na kwa Shimba, na kwa watu wote wa Bugolola,

Shikamooni wakubwa zangu.

Mama Teodora, barua hii isomwe kwa sauti. Usingoje Jumamosi. Mayala ataifikisha leo kabla giza halijaingia. Naomba uanze kwa Shimba, usimame uani kwake usome yote, kisha uende nyumba inayofuata, na asiyekuwepo arudiwe. Usiruke neno hata kama linanichafua. Katekista naye aisome kwenye mlango wa ile stoo ili walio nje wasikie na aliye ndani asikie.

Shangazi Ng'washi hakuota. Babu hakumjia. Aliyemwambia asilime bondeni ni mimi, kwa barua, mwezi Septemba. Barua hiyo haipo, alichoma kwa sababu nilimwomba achome, kwa hiyo hana cha kuwaonyesha. Ana mimi tu.

Mvua haikuitwa na mtu wa Bugolola. Imenyesha Mwanza, imenyesha Dar es Salaam, imenyesha nchi za jirani, na ilitangazwa kabla haijaja. Ofisini kwetu tuliijua. Tulijua pia kwamba tuta la mradi halina njia ya kutolea maji na kwamba maji yatarudi kwenu. Mkuu wetu alituambia tunyamaze mpaka wafadhili wapite. Lakini mdomo ulionyamaza ni wangu, yeye hakunishika. Niliogopa kupunguzwa kazi. Nikawaacha ninyi, nikamwambia mtu mmoja, nikadhani nimefanya jambo jema.

Alipoambiwa, aliniuliza Teodora atakuwaje. Akauliza pia kwa nini kikundi kisichimbe mtaro. Alisema kwenu ni kazi ndogo. Nilimkatalia. Kisha nikamfundisha uongo wa ndoto, nikachagua babu kwa sababu nilijua mtamheshimu. Nimesoma hadi kidato cha sita, nimezaliwa hapo hapo Bugolola, na sikufikiria kwamba mtu akitaja mzee wa mvua kabla ya mvua, mvua ikija atadaiwa yeye. Ninyi mngenieleza hilo nikiwa darasa la pili.

Shimba, kaka yangu. Mama yako alinipa karanga. Ungeweza kuchimba ule mtaro na watu wako, naye angekuwa hai, na hukuchimba kwa sababu hukuambiwa, na hukuambiwa kwa sababu yangu. Ukitafuta wa kuulizwa, si yule aliyelala stoo ya kanisa. Nilianza kukuandikia barua ya pole mwezi uliopita, nikaichana. Hii ndiyo badala yake.

Mama Teodora, uliuliza kama ninaweza kulala. Siwezi. Na kama kuna asubuhi alishindwa kukujibu "Umeamkaje jirani," alikuwa anabeba mzigo wangu. Mahindi ya Ng'washi watoto na wale.

Leo asubuhi nimemweleza mkuu kwamba ninawaandikia, ili asisikie kwa mwingine. Alisema nitajuta. Alisema pia kwamba niache funguo za kabati mezani. Nimeziacha.

Sasa la muhimu kuliko yote niliyosema. Mvua za Machi zinakuja na maji ya kwanza bado yamesimama. Upande wa mashariki wa tuta kuna jiwe kubwa lililopakwa chokaa, labda sasa limefunikwa na nyasi, liko pale njia ya ng'ombe inapokata. Mtaro uanzie hapo uelekee ziwani. Msikate tuta katikati, maji yatatoka kwa nguvu na kuzichukua nyumba za upande wa pili. Kateni pale kwenye jiwe, polepole, kutoka chini kwenda juu. Mtaalamu alinieleza mara mbili, nami sikuwaeleza hata mara moja.

Shangazi, uliandika kwamba si ombi. Nisamehe, hili sikutii.

Msiniandikie tena kwa anwani ya ofisi. Chumba hiki pia nakikabidhi leo. Kesho Alhamisi ninavuka kwa kivuko cha kwanza. Kama magugumaji yameziba njia nitavuka kwa mtumbwi. Nikishuka Kamanga sitapanda gari. Nitatembea kwa njia ya bondeni, siyo ile ya juu, ili mnione kutoka mbali na asije mtu akasema nimeingia kwa kujificha. Nitapita kwanza kanisani kumwamkia Shangazi. Baada ya hapo, mtu yeyote anayenitaka, mwenye swali au mwenye hasira, awe Shimba au sungusungu, asisumbuke kwenda nyumbani kwa Ng'washi. Nimenunua jembe leo sokoni, bado halina mpini. Mtanikuta kwenye jiwe la chokaa.

Getruda Mashimba